Maswali ya Bustani: Maua ya Kutambaa Juu ya Pagola

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Lamu na Malindi zinauliza kuhusu pagola, yaani kile kiunzi cha nguzo na boriti kisichoezekwa, ambacho paa lake ni mmea wenyewe. Tumechagua nane. Majibu ni ya mwambao huo hasa: jua kali, upepo wa chumvi, udongo wa mchanga au wa mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yenye munyu. Aliye Nairobi au Nakuru asifuate vipimo vyetu vya maji wala mimea tunayoitaja.

Assalaam alaykum. Nyumba yetu iko Shela, hatua chache kutoka ufukweni. Tuna pagola ya mita 3 kwa 4 upande unaotazama bahari. Tunataka maua yatakayoifunika yote, yasiyokufa kwa chumvi wala kwa kusi. Tupande nini, na miche mingapi? (Msomaji, Shela, Lamu)

Waalaikum salaam. Mahali panapotazama bahari namna hiyo, jibu letu ni bogenvilia, na hatuna mmea wa pili tunaouamini sawa nayo. Huvumilia rasharasha ya chumvi, huvumilia mchanga usio na rutuba, na ikishashika mizizi huvuka kiangazi cha Januari hadi Machi kwa maji kidogo sana. Asili yake ni Brazili. Jina lilitokana na nahodha Mfaransa Louis-Antoine de Bougainville, ambaye katika safari yake ya kuzunguka dunia, 1766 hadi 1769, alifuatana na mtaalamu wa mimea Philibert Commerson. Zile rangi mnazoziona ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija cheupe kilichomo katikati. Ndiyo sababu rangi hukaa mtini wiki kadhaa wakati maua ya mimea mingine yamekwisha kupukutika.

Miche miwili yatosha. Wengi hupanda minne, mmoja kila nguzo, na baada ya miaka michache hapapitiki chini kwa miiba, na boriti za juu zimelemewa. Mkipata nafasi ya kuchagua, tafuteni Bougainvillea glabra. Majani yake ni laini yasiyo na manyoya, miiba yake ni midogo, na hutoa rangi kwa muda mrefu wa mwaka. Bougainvillea spectabilis ina nguvu zaidi na rangi zake ni nzito, lakini miiba yake ni mikubwa yenye kupinda, haifai mahali watu wanapoketi.

Jambo la kuamua kabla ya rangi ni nguzo ipi mtaipanda. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki tangu Aprili hadi Septemba, na huja na chumvi. Pandeni kwenye nguzo mbili za upande wa nyumba, si za upande wa bahari. Shina litakua likiwa limekingwa, kisha matawi mtayaongoza juu kuelekea baharini. Mwaka wa kwanza simamisheni ukuta wa makuti wa kimo cha mita 1 upande wa upepo, nusu mita kutoka kwenye mche. Machipukizi mapya yakipigwa na chumvi mfululizo huungua ncha, na mche unaopoteza ncha kila mwezi haufiki juu.

Pandeni masika yakishaanza, udongo ukiwa umelowa kina cha sentimita 30. Chimbeni shimo la sentimita 60 kila upande na kina hicho hicho. Mchanga wa Shela haushiki maji, kwa hiyo tandazeni chini makumbi ya nazi yaliyokwisha kunyeshewa na mvua, upande wa tumbo ukitazama juu ili yashike maji. Juu yake jazeni mchanganyiko wa karai mbili za mchanga wenu kwa karai moja ya mboji. Samadi ya punda, ambayo Lamu haikosekani, ni nzuri baada ya kulundikwa miezi mitatu, ikigeuzwa na kutiwa maji. Ikitumiwa mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za nyasi ambazo mtazing'oa mwaka mzima.

Sasa pahali ambapo miche mingi hufia. Mizizi ya bogenvilia ni myepesi kukatika, na donge la udongo likivunjika mche hunyauka hata ukimwagiliwa vipi. Msiuvute mche kutoka kwenye mfuko. Kateni kitako cha mfuko, wekeni mche shimoni na mfuko wake, kisha pasueni ubavu kwa wembe na kuutoa polepole huku mkijaza udongo pembeni. Shindilieni kwa mikono, si kwa miguu.

Mpeni kila mche debe moja la lita 20 mara mbili kwa wiki kwa miezi miwili ya kwanza, siku za mvua mwache. Baadaye mara moja kwa wiki, na mwaka wa pili punguzeni zaidi.

Bogenvilia haijizungushi wala haina vikono vya kushikia. Miiba yake hunasa tu. Usipoifunga italala chini. Iacheni na shina moja, mkiondoa machipukizi ya pembeni mpaka ifike juu ya kiunzi, kisha kateni ncha ili itoe matawi matatu au manne ya kutandaza. Fungeni kila sentimita 30 kwa kamba ya makumbi, mkiipitisha kama tarakimu 8 baina ya shina na nguzo. Waya mtupu hukata ganda shina linaponenepa, na tawi hufa kuanzia hapo kwenda juu.

Bogenvilia yangu ina miaka minne. Majani ni mazito, inapanda hadi paa la jirani, lakini maua hakuna. Namwagilia kila jioni na kila mwezi naitia samadi ya kuku. Kasoro iko wapi? (Msomaji, Malindi)

Kasoro ni hayo mawili uliyoyataja mwenyewe. Samadi ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni pamoja na maji ya kila siku huuambia mmea ukue majani. Bogenvilia hutoa rangi inapopata kiu kidogo.

Acha samadi kwa mwaka mzima. Acha pia kumwagilia, hadi uone majani machanga yamelegea na hata jioni hayajainuka. Hapo mpe madebe mawili kwa mara moja, maji yazame chini, kisha subiri tena. Kama udongo wako ni mchanga mtupu, mpe gramu 50 za salfeti ya potasiamu, uzinyunyize kwa duara la nusu mita kutoka shinani na kuzifukia kidogo. Usinunue ile ya kloridi, maana mwambao tayari una kloridi ya kutosha.

Kisha mkasi. Mvua kubwa zikiisha, yale machipukizi marefu yaliyosimama wima yakate yabaki vifundo viwili au vitatu. Mengine yainamishe yalale juu ya kiunzi. Tawi lililolala hutoa vijitawi vingi vifupi, na maua hutoka ncha za vijitawi hivyo. Hesabu wiki sita hadi nane tangu kupogoa hadi rangi. Makosa ya kawaida ni kuanza kupogoa tena katika wiki ya tano, kwa kuona mti "umekuwa ovyo", na kutupa matumba yote jalalani.

Hakikisha pia jua. Saa sita za jua la moja kwa moja ndicho kiwango cha chini. Bogenvilia iliyo chini ya mwembe itapanda hadi ilitafute jua, na maua yatakuwa huko juu kwa jirani, wewe utabaki na shina tupu. Na tazama kingo za majani machanga: zikiwa zimeliwa kwa mapengo ya duara, kuna viwavi wanaokula usiku, na hao hula ncha zile zile ambazo zingetoa maua. Mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na mililita 2 za sabuni ya maji katika lita moja ya maji, upulize jua likishatua, urudie baada ya siku saba. Ukipulizia mchana mafuta huunguza majani.

Nina mwasumini kwenye kiwanda (ua wa ndani) cha nyumba ya mawe, Mkomani. Nataka utambae juu ya kipagola kidogo tupate maua ya vikuba, vile vishada vya kunukia vya kuvaa. Majani mapya yanakuwa ya manjano na mishipa inabaki ya kijani, na ya chini yanaungua kingo. Tunamwagilia maji ya kisima, na mama huweka majivu shinani kuzuia wadudu. (Msomaji, Lamu)

Dada, mmea wako una matatizo mawili kwa pamoja, na yanatofautishwa kwa kutazama jani lipi limeanza.

Jani changa la manjano lenye mishipa ya kijani ni upungufu wa madini ya chuma. Chuma kimo udongoni, lakini udongo wa matumbawe na chokaa una alikali nyingi, na katika hali hiyo mizizi haiwezi kukichukua. Majivu huzidisha alikali hiyo. Mwambie mama kwa upole ayaweke mbali. Kwenye mchicha shambani huenda yakafaa, kwenye asumini ya Lamu ni sumu ya polepole. Hata vifusi vya lipu ya chokaa vinavyoanguka kutoka ukutani viokoteni.

Jani la zamani lililoungua kingo ni munyu wa kisima. Onja maji: ukisikia chumvi ulimini, usiyape asumini. Bogenvilia ingeyavumilia, asumini haiyavumilii.

Kwa hali ya kiwanda chako tungeiondoa asumini ardhini na kuipanda kwenye mtungi au pipa lenye upana wa sentimita 50 na matundu ya kutolea maji. Jaza karai mbili za udongo mwekundu ulioletwa kutoka bara, karai moja ya mboji, karai moja ya mchanga wa mtoni. Usitumie mchanga wa pwani, una vipande vya kombe ambavyo ni chokaa ile ile. Hamisha mwanzo wa masika, baada ya kupogoa mmea ubaki nusu ya kimo chake. Kwa manjano iliyopo, nunua mbolea ya chuma iliyoandikwa EDDHA. Ile ya EDTA na salfeti ya chuma hufungwa na chokaa haraka, nayo ndiyo inayouzwa zaidi kwa kuwa ni rahisi. Fuata kipimo cha pakiti, uimimine udongoni.

Maji mazuri unayo juu ya kichwa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya dari (paa bapa la nyumba) ni lita 1. Dari la mita 50 za mraba likipata mvua ya milimita 20 limepokea lita 1000, na hata ukipoteza sehemu ya tano umebaki na lita 800. Kama birika la nyumba, yaani tangi lake la maji, bado ni zima, lisafishe na ulitumie kwa asumini peke yake. Mtungi wa kipimo hicho unataka lita 5 hivi kila siku ya pili wakati wa kaskazi. Mara moja kwa mwezi mimina debe zima taratibu mpaka maji yatoke chini, yaoshe chumvi iliyojikusanya.

Asumini haijizungushi vizuri, kwa hiyo ni ya kufungwa. Kiunzi kisimame chenyewe, sentimita 30 kutoka ukutani. Tafadhali usipigilie misumari kwenye ukuta wa zamani. Msumari ukishika kutu kwa hewa ya chumvi hutanuka na kupasua lipu, na lipu hiyo ya chokaa ni sehemu ya kile kilichouingiza Mji wa Kale wa Lamu katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001.

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya. Kila msimu wa maua ukiisha, punguza matawi kwa theluthi. Na kwa vikuba, chuma matumba alasiri yakiwa yamevimba na kuwa meupe kabisa. Hufunguka usiku yakiwa tayari kwenye kikuba pamoja na rehani na mkadi, na harufu yote inabaki kwa mvaaji.

Nimepanda pasheni juu ya pagola nikitaka maua na matunda kwa pamoja. Imeota vizuri, maua ni mengi, lakini yote yanaanguka bila tunda. (Msomaji, Malindi)

Mchanganyiko wa maua na matunda ni mzuri, na tunaupenda. Kwa joto la Malindi aina inayofaa ni pasheni ya manjano. Ile ya zambarau ni ya nyanda za juu, na pwani huota bila furaha.

Pasheni ya manjano haijizalishi kwa mbelewele (chavua) zake yenyewe. Inataka mbelewele za mche mwingine, tena mche wa mbegu tofauti. Vipandikizi viwili vya mama mmoja ni sawa na mche mmoja. Kama una mche mmoja, hiyo ndiyo sababu, na dawa ni kupanda wa pili nguzo ya mkabala.

Kama miche ni miwili, unakosa nyuki. Nyuki wa asali ni mdogo kwa ua hili: huchukua mbelewele akaondoka bila kugusa sehemu ya kike iliyo juu. Anayefaa ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Watu humuua kwa kuogopa boriti zao. Mpe makao yake: ning'iniza kivulini gogo kavu la mti laini, na boriti za pagola ziwe za mti mgumu. Kwa sasa fanya kazi hiyo kwa mkono. Ua hufunguka karibu na adhuhuri na hufunga usiku huo huo, kwa hiyo baina ya saa saba na saa kumi jioni chukua mbelewele kwa brashi laini kwenye mche mmoja na uziguse zile sehemu tatu za juu za ua la mche mwingine. Ua likiwa limelowa mvua, acha. Tunda hukomaa baada ya siku 60 hadi 70 na huanguka lenyewe.

Usitarajie kiunzi cha kudumu kutoka kwa pasheni. Baada ya miaka michache huchoka, na utaanza upya.

Fundi mmoja anasema nijenge pagola kwa nguzo za mvinje kwa kuwa ni rahisi, mwingine anasema boriti za mikoko. Nitapanda bogenvilia. Nipeni vipimo. (Msomaji, Malindi)

Kila fundi ana nusu ya jibu. Mvinje hulimwa kwa wingi upande wa Malindi na Kilifi, umenyooka na bei yake ni nafuu, lakini ukifukiwa ardhini hushambuliwa na mchwa na kuoza usawa wa udongo. Miti ya mikoko ni mizito, na mchwa hawaili kirahisi. Kwa hiyo nguzo ziwe za mikoko, na vipande vya juu visivyogusa ardhi vinaweza kuwa vya mvinje. Muulize muuzaji kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya. Mikoko isiyo na kibali ni hasara kwako na kwa samaki wanaozalia humo.

Kwa soko la Lamu, pau ni mti wa kipenyo cha sentimita 4 hadi 7.5, boriti ni 11.5 hadi 13.5, na nguzo ni 14 kuendelea. Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu ndipo boriti ilipokuwa na mwisho wa nguvu zake. Heshimu kipimo hicho. Jenga pagola ya mita 2.5 kwa 5 yenye nguzo sita, ili pasiwe na nafasi inayozidi mita 2.5 baina ya nguzo na nguzo.

Kila nguzo iwe na urefu wa mita 3.1, iliyobanduliwa maganda. Chimba shimo la kina cha sentimita 70 na upana wa 40. Weka kokoto sentimita 10 chini, simamisha nguzo juu ya kokoto, kisha mwaga zege la simiti 1, mchanga 2, kokoto 4. Kitako cha nguzo kikiwa juu ya kokoto maji hupata njia. Kikizungukwa na zege chini pia, nguzo husimama ndani ya kikombe cha maji na kuoza. Zege liinuke sentimita 5 juu ya ardhi na literemke kutoka kwenye nguzo. Liache siku saba kabla ya kupandisha boriti. Utabaki na kimo cha mita 2.5, na bogenvilia ikininginia bado utapita bila kuinama.

Boriti za juu zikutane juu ya nguzo ya katikati, na ziungwe kwa bolti za milimita 12 zilizochovywa zinki au za chuma kisichoshika kutu. Misumari haifai hapa. Bogenvilia iliyolowa mvua ni mzigo, na kusi hulitikisa zigo hilo mchana na usiku hadi msumari ujitoe. Weka mihimili ya mshazari yenye urefu wa sentimita 60 katika kila pembe. Mafundi wengi huiacha kwa kuona inaharibu sura, na kiunzi huanza kuegemea upande mmoja. Juu panga pau 11, moja kila sentimita 50, zikitokeza sentimita 25 kila upande. Shimo la mche liwe nusu mita kutoka kwenye zege.

Oili chafu ya gari msiipake chini ya nguzo. Hutiririka udongoni na kuua mizizi ile ile mnayoisubiri.

Jirani ana mmea wa maua makubwa ya samawati, anauita thunbergia. Umefunika ukuta wake kwa mwaka mmoja. Nichukue kipandikizi? (Msomaji, Malindi)

Hapana. Thunbergia grandiflora hupendeza kwa mwaka huo mmoja. Kisha mizizi yake yenye viazi huenea, mashina hupanda miti na kuinyonga, na kipande kinachotupwa jalalani huota. Karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke ni hatari zaidi. Hali kadhalika antigonon, ule wa vishada vya waridi: ni mstahimilivu mno, mbegu na viazi vyake huusambaza, na kuumaliza ni kazi ya miaka.

Ukitaka mmea wa haraka usio wa vita, panda Quisqualis, uitwao pia Combretum indicum. Maua hufunguka meupe jioni, kesho yake huwa ya waridi, kisha mekundu, yote matatu katika kishada kimoja, na hunukia usiku. Hujizungusha wenyewe. Hutoa machipukizi kutoka mizizini, uyang'oe yakiwa madogo. Uupande kwenye upande wa nyumba usiopigwa na upepo wa bahari.

Tuna watoto wadogo, na mbuzi hupita uani. Mmea upi wa kutambaa ni wa hatari? (Msomaji, Lamu)

Epukeni alamanda ya manjano. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na ukiliwa hutapisha na kuharisha. Epukeni kabisa Cryptostegia, yenye maua ya zambarau hafifu na maganda mawili yaliyotazamana kama pembe. Sumu yake hugusa moyo, na imeua mifugo. Gloriosa, lile ua jekundu lenye kingo za manjano, lina sumu katika kila sehemu, na zaidi katika kiazi chake, ambacho mtoto akichimba anaweza kukidhani kiazi kitamu. Aliyekula apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe pamoja naye.

Asumini ni salama, na Clitoria, ule wa maua ya samawati, maua yake huliwa. Bogenvilia shida yake ni miiba. Mbuzi hula machipukizi yake machanga, basi zungusheni shina kwa waya wa matundu wa kimo cha mita 1.2 hadi ganda ligumuke.

Nimeletewa mche wa wisteria kutoka Uingereza. Una miaka mitatu Malindi, majani yapo, ua halijatoka. (Msomaji, Malindi)

Wisteria inahitaji majira ya baridi ili matumba yake yaamke, na Malindi haina. Ustahimilivu unaosifiwa kwenye pakiti yake ni wa barafu, si wa joto letu. Usiilishe zaidi.

Panda petrea mahali pake. Vishada vyake vya samawati-zambarau huning'inia vivyo hivyo, na ua la ndani likianguka, zile nyota za nje hubaki rangi hafifu kwa wiki kadhaa. Majani yake hukwaruza kama msasa, nayo huvumilia kiangazi. Nunua mche ulio na ua tayari au wa kipandikizi, kwa kuwa wa mbegu hukawia miaka. Shimo ni lile lile la sentimita 60, mbali na upepo wa chumvi, debe moja mara mbili kwa wiki mwaka wa kwanza. Hujizungusha, ila huanza polepole: mwaka wa kwanza hujenga mizizi, na mwenye haraka huudhani umekufa akaung'oa. Kwaruza ganda kwa ukucha. Chini pakiwa kijani, endelea kumwagilia.